Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria: ule mwaka mmoja wa mahakama umeishia wapi?

Mheshimiwa Waziri, shikamoo na pole na majukumu. Nina jambo moja tu, umri wa ndoa, na faili lake nadhani unalo maana hata waliokutangulia walilikuta.

2016 mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi alienda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vile vinavyotaka mvulana afike 18 ila binti anaolewa na 15 mzazi akiridhia, tena hata 14 mahakama ikitoa kibali. Akashinda. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe iwe 18 kwa wote, badala yake ikakata rufaa, ikaja na hoja za mila na dini, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa ile rufaa. Sasa hata tukianza kuhesabu hapo, mwaka uliisha Oktoba 2020, si ndio? 2021 tukasikia muswada umefika kwenye kamati ya bunge ukarudishwa wadau washirikishwe zaidi. Wadau gani tena jamani, mahakama mbili zimeshasema!

Halafu kuna hili ambalo mimi linanichanganya kabisa. Ibara ya 30(5) ya Katiba inasema mahakama ikiipa serikali muda wa kurekebisha, ile sheria inahesabiwa halali mpaka irekebishwe au muda uishe, chochote kitakachotangulia. Muda umeisha. Kwa hiyo mheshimiwa, leo mzazi akienda na binti wa miaka 16 kuandikisha kusudio la ndoa, tangazo likabandikwa zile siku 21, msajili afanyeje, afungishe au akatae? Mimi nikisoma hiyo ibara naona akatae, ila yeye pale ofisini ana kitabu cha sheria kinachosema 15 na hajaletewa waraka wowote, utamlaumu?

Na usiseme Sheria ya Elimu inatosha. Marekebisho yake ya 2016, ya miaka 30 jela kwa anayemuoa au kumpa mimba mwanafunzi, yanamlinda mwanafunzi tu, sasa yule aliyemaliza la saba akabaki nyumbani anachunga wadogo zake, yeye nani anamlinda? Tena ukienda Kanuni ya Adhabu, mwanaume akilala na binti chini ya 18 ni ubakaji hata kama binti kakubali, isipokuwa kama ni mke wake na amefika 15. Yaani mtu yule yule, binti yule yule, kinachotofautisha jela na sherehe ni cheti cha ndoa na mahari aliyopokea baba. Mimi ni mzazi, mahari sina ugomvi nayo, ila hapo hapana.

Najua kuna viongozi wa dini hawataki na kura nazo zina hesabu zake, siasa tunaielewa. Ila zile hoja zilishapelekwa kwa majaji zikashindwa, kuzirudisha kwa mlango wa ushirikishwaji ni kukata rufaa ya pili kimya kimya.

Tunaomba waraka uende kwa wasajili na wafungishaji ndoa wote, makanisani, misikitini na kwa wakuu wa wilaya, kwamba chini ya 18 hakuna kufungisha. Huo hausubiri bunge. Na muswada utuambie unaingia mkutano upi.

Wako,
Mzazi wa mabinti, Kahama