Askari wa maandamano avae sare, jina lake lionekane

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jinsi maandamano yanavyogeuka vita katikati ya jiji la Nairobi, ambako nina duka la vitambaa. Tangu Juni 2024, vijana walipojitokeza kuupinga Mswada wa Fedha, nimeyashuhudia mengi nikiwa mlangoni mwangu.

Siku moja ya mwezi huo vijana waliketi barabarani mbele ya duka, wakiwa na bendera na chupa za maji. Askari mmoja wa makamo, mwenye sare na jina lake kifuani, alivua kofia ya chuma, akawasogelea, akawaomba waache upande mmoja wazi ili ambulensi ipate kupita. Walisogea, na kwa karibu saa nzima nikaendelea kuuza. Kisha likaja gari lisilo na nambari za usajili, wakashuka wanaume waliovaa nguo za kiraia na kufunika nyuso, na bila onyo lolote wakawarushia vitoa machozi wale walioketi. Haukupita muda, vijana wakawa wanang'oa matofali ya kando ya barabara, na yule askari hakuwa tena na wa kumsikiliza. Jioni hiyo duka la simu la jirani yangu lilivunjwa.

Siwatetei waliolivunja. Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda anayeandamana kwa amani na bila silaha, na anayerusha mawe au kupora mali ya watu hana kinga hiyo. Hata kuvamia Bunge Juni 25, 2024, na kuchoma sehemu ya majengo yake, lilikuwa kosa. Hata hivyo, mkosaji hukamatwa na kupelekwa mahakamani, wala kosa lake halihalalishi kuufyatulia umati risasi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu (KNCHR) ilirekodi vifo zaidi ya 50 katika maandamano ya mwaka huo, na inaniuma kwamba wazazi wengi hadi leo hawajui ni nani aliyewaulia watoto wao.

Sheria haina upungufu hapa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari aanze na njia zisizo za nguvu, na linamwamuru aliyevaa sare aonyeshe wazi jina au nambari yake ya kazi. Mtu akiuawa au kujeruhiwa vibaya, Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi (IPOA) lazima iarifiwe. Lakini IPOA itamchunguza nani, iwapo aliyefyatua hakuwa na sare, jina wala uso?

Namsihi Inspekta Jenerali apige marufuku maafisa wa nguo za kiraia wenye barakoa kutawanya waandamanaji, na kabla ya kila maandamano atangaze jina la kamanda wa kila barabara. Waandalizi nao wateue vijana wao, wavae vizibao vya rangi moja, wawe ndio wanaozungumza na kamanda huyo na kumwonyesha wanaopora. Nasi wenye maduka tuko tayari kuketi nao tupange, hata wiki hii.

Mfanyabiashara,
Nairobi