Barua kwa mwanangu anayekwenda Bagamoyo

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umefanya vyema kuanza uigizaji na jukwaa, hata kama wenzako wanaona unapoteza muda na kamera ziko mjini. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kipo tangu 1981, na siku hizi kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Huko utacheza ngoma, utaimba, pengine utagongelea misumari ya jukwaa. Usinune. Mwigizaji asiyejua taa imefungwa wapi hucheza gizani akidhani anaonekana.

Kinachowaangusha wengi ni sauti. Mtu wa safu ya nyuma kalipa kiingilio kama wa mbele, na kifuani hujavaa maikrofoni. Mwanafunzi hubana koo apige kelele, na onyesho linapofika amekwisha kukauka. Kila asubuhi lala chali, weka kitabu tumboni, vuta pumzi kwa hesabu ya 4 hadi kitabu kipande, kisha itoe polepole kwa "sss" ukihesabu 15, baadaye 20. Mabega yakipanda badala ya kitabu, anza upya. Halafu chunga silabi ya mwisho. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile ya mwisho hufifia. Na "amepiga" na "amepigwa" zinaachana hapo hapo. Ukiimeza, watazamaji hawajui nani kamuumiza nani.

Maneno yakariri bila kuyapamba. Yasome kama orodha ya sokoni, ukitembea, ukifua, mpaka yatoke bila kuyatafuta. Ukiyakariri pamoja na mahadhi yake utaganda: mwenzako akibadilisha sauti, wewe utajibu ile ya jana. Kariri pia sentensi ya mwisho ya mwenzako, maana ndiyo inayokuita.

Kamera ina kipimo kingine. Picha ikiwa ya uso peke yake, nyusi zinazotosha ukumbini zinakuwa kelele. Punguza mwili, usipunguze nia. Halafu sini, yaani vipande vya hadithi, hazipigwi kwa mpangilio wa hadithi: zote za nyumba moja hupigwa kwa pamoja, kwa hiyo unaweza kulia msibani asubuhi na kuposwa mchana. Ukurasa mmoja wa mswada ni kama dakika moja ya filamu; andika pembeni mhusika katoka wapi na ana hali gani. Andika pia ulishika kikombe kwa mkono gani, kwa neno lipi. Ukibadilisha mkono, mhariri hawezi kuunganisha vipande, na kipande chako kizuri kuliko vyote ndicho kitakachotupwa.

Usaili wa simu, yaani kujirekodi ukiigiza na kuwatumia video, ni rahisi, ila watu huuharibu kwa uvivu. Simu ilale kwa upana, isimame usawa wa macho, dirisha liwe mbele yako (likiwa nyuma utakuwa kivuli), ukuta usiwe na maua wala kalenda. Picha ianzie kifuani kwenda juu. Anayekusomea majibu akae kando kabisa ya simu na asome taratibu, kwa sababu yuko karibu na maikrofoni kuliko wewe. Mwangalie yeye, si lenzi. Lenzi iangalie unapotaja jina, urefu wako na mji ulipo, basi.

Sasa hela, maana najua utaona aibu kuuliza. Uliza siku ngapi za kazi, malipo ni kwa siku au kwa kazi nzima, kianzio kinalipwa lini, nani anatoa nauli na chakula, na ikipita saa za makubaliano inakuwaje. Uliza kama mtayarishaji ana kibali cha Bodi ya Filamu. Tangazo la biashara lichunguze zaidi: litaonyeshwa miezi mingapi, nchi zipi, na kwenye mitandao pia? Ukisaini "muda wote, popote", sura yako itauza sabuni miaka kumi kwa malipo ya siku moja, na kampuni shindani haitakuita. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji pia, si mtunzi peke yake, ila karatasi uliyoisaini ndiyo itakayosomwa kwanza.

Mkataba wa kwanza ukija, usiusaini siku hiyo hiyo. Piga picha kurasa zote unitumie, na ule wa nyuma wenye herufi ndogo.

Mama yako