Barua ya wazi kwa vijana waliopanda mikoko mchangani

Wajukuu zangu,

Assalaam alaykum. Jumamosi ile mlipoteremka ufukweni na magunia ya miche, mimi nilikuwa kibarazani nikiwatazama. Mlikuwa zaidi ya 30, wasichana kwa wavulana, mmekunja nguo magotini, mnaimba. Maji yalikuwa yamekupwa sana. Mkapanda kwa mistari iliyonyooka kama shamba la mahindi, kwenye ule uwanda wa mchanga mbele ya diko, pale vyombo vya uvuvi vinapotua, palipoota nyasi bahari. Nilijua palepale kwamba hautashika hata mche mmoja, nikanyamaza. Nilijiambia si vizuri mzee kuwavunja moyo watoto waliojitolea. Juzi, baada ya wiki tatu za kusi, ule upepo wa kutoka kusini, nimeteremka na fimbo yangu kwenda kuangalia. Miche 11 ndiyo iliyosimama, na yote 11 imekauka majani. Mingine nimeikuta imetupwa ukingoni pamoja na viriba vyake.

Kunyamaza kwangu kulikuwa kosa, na barua hii ndiyo fidia. Ningeweza kuwaita nyumbani tukazungumza, lakini nasikia kuna vikundi kama chenu Lindi, Kilwa na kule Msimbati, wanapanda vilevile na kupoteza vilevile. Basi na wao wasome.

Nianze na namna nilivyolijua tope, maana sikulijua kwa semina. Nilizaliwa hapa Mikindani mwaka 1949. Mwaka 1966, nikiwa na miaka 17, nilipanda jahazi bila kumuaga baba. Shehena yetu ilikuwa miti ya mikoko, tuliyoikata wenyewe kwenye vijito vya Kilwa na delta ya Rufiji. Tuliingia na maji ya kujaa, tukakata mchana kutwa tumezama topeni hadi mapajani, mbu juu, magamba ya chaza yanatuchana chini, kisha tukatoka na maji yanayofuata. Miti ilihesabiwa kwa korija, yaani 20, na kila unene una jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nahodha alikuwa akiushika mti kwa viganja viwili tu na kutaja daraja lake bila kukosea.

Kusi ilitupeleka kaskazini, kaskazi ikaturudisha. Nimepigwa na dhoruba, nimekunywa maji yenye funza, nimemzika baharini kijana wa rika langu. Safari moja tulifika Muscat. Usiku ule nililala kwenye chumba cha mwenyeji wetu, nikatazama dari. Boriti za mikoko, zimepangwa sambamba kutoka ukuta hadi ukuta. Chumba kilikuwa chembamba na kirefu, kwa sababu upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti, kama vilivyo vyumba vya nyumba zetu za kale hapa Mikindani na Kilwa. Nikazihesabu: 22, korija na ushei. Niliona fahari kubwa. Mti wa kwetu umebeba nyumba ya watu Uarabuni! Haikunipitia akilini kujiuliza zilikotoka boriti zile pamebaki nini.

Jibu nililipata miaka mingi baadaye, nilipoingia tena na ngalawa kwenye kijito kimoja tulichokikata. Tope limekuwa gumu, jeupe kwa chumvi, limepasuka vipande kama sahani zilizovunjika. Visiki vyetu vilikuwa bado vipo, nikavitambua kwa kimo cha panga. Jueni hili, wajukuu zangu: mchu, ambao nao ni wa jamii ya mikoko, ukiukata huchipua, lakini mkoko wenyewe, huu wenye mizizi ya miguu mingi, ukiukata chini haurudi. Tulikuwa tumekata na mama wa mbegu.

Kabla ya hapo lakini nilikuwa nimefanya jambo baya zaidi. Niliporudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1970 nilipiga baruti. Mwenzangu alirusha, mimi nilizama kuokota. Waliobaki juu ya mashua waliwaona samaki wanaoelea, na mimi niliwaona walio chini. Samaki akipigwa na mshindo ule, kibofu chake cha hewa hupasuka, na wengi huzama. Nilikuwa nawakuta wamelala ubavu katikati ya matumbawe yaliyovunjika, wengi kuliko nilioweza kuwabeba, na wadogo wasiofaa hata kwa mchuzi. Siku moja utambi ulikuwa mfupi. Mwenzangu akapoteza mkono wa kulia. Nilimfunga kwa kitambaa cha tanga tukapiga kasia kurudi, yeye akiniuliza njia nzima kama mkono wake nimeuokota.

Hata baada ya siku ile niliendelea, Mungu anisamehe. Kilichoniachisha ni mwamba. Nilizama mahali tulipopiga miaka kadhaa nyuma, nikitarajia kukuta pameota upya. Nikakuta kifusi. Kila wimbi likipita juu, kifusi kinabingirika chini na kutoa sauti kama mtu anayechekecha changarawe. Tumbawe changa haliwezi kushika juu ya kitu kinachobingirika, na kwa hiyo hapaoti. Nilikaa pale chini mpaka pumzi ikaniisha. Nilipotoka juu, sikurusha wala kuokota tena.

Miaka ya 1990 wavuvi wa mikoa yetu miwili, Mtwara na Lindi, walipoungana katika Shirikisho kupinga baruti, wakasema wazi mbele ya kamera za video yale yaliyokuwa yakinong'onwa madikoni, mimi nilisimama nikasema nilipiga. Baadhi ya jamaa zangu walininunia miaka mitatu. Sheria ya hifadhi za bahari ilikuja mwaka 1994, na mwaka 2000 Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma vikawa hifadhi. Katikati ya hayo, mwaka 1998, bahari ilipata joto matumbawe yakapauka pwani nzima ya upande wetu wa Bahari ya Hindi, na ile miamba niliyoiona imenusurika na baruti ikawa myeupe kama mifupa. Hilo halikutoka Mikindani, wala Mikindani peke yake haiwezi kulizuia. Ndiyo sababu nawasihi tusikosee yale tunayoyaweza.

Sasa turudi kwenye uwanda wenu.

Mikoko si mti mmoja. Ni jamii, na kila mmoja una kiti chake, na kiti hupimwa kwa maji. Ulio mbele kabisa, unaopokea wimbi kifuani, ni mlilana. Nyuma yake mkoko, kisha msinzi, kisha mkandaa, na huko juu karibu na nchi kavu, penye chumvi kali, mchu. Mchu ni mgumu, mara nyingine utaukuta na mbele. Ninyi mlibeba miche ya mkoko tu, kwa kuwa mbegu yake ni rahisi kuokota na kuchomeka, mkaipeleka mbele ya mlilana, mahali ambapo hata mlilana umeshindwa. Uwanda ule huonekana wakati wa bamvua tu, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za maji mafu, yanapojaa kidogo na kupwa kidogo, haufunuki. Mikoko mingi haistahimili mahali panapofunikwa na maji zaidi ya theluthi moja ya muda, na pale penu panafunikwa karibu muda wote. Mche unakosa pumzi, kisha kusi inakuja kung'oa maiti.

Tena mahali pale hapakuwa patupu. Nyasi bahari mlizozitoboa ni malisho ya kasa na ya nguva, na ni kitalu cha tafi na changu wachanga. Kina mama wanaokokota tandio, wavu wao wa kuvulia majini, wanalijua hilo kuliko ofisi yoyote. Mngewauliza.

Mahali pa kupanda mikoko ni pale ilipokuwapo ikaondoka, na swali la kwanza si miche mingapi, ni kwa nini hairudi yenyewe. Kwa sababu mikoko hujipanda. Mbegu ya mkoko huanza kuchipua ikiwa bado kwenye mti wa mama, ikarefuka kama fimbo ya kijani yenye ncha. Ikiiva huanguka, ikachukuliwa na maji, ikaelea kwa ubavu siku nyingi, kisha ikasimama wima, na ncha ikigusa tope hutia mizizi. Bahari imekuwa ikifanya kazi hiyo kabla ya babu wa babu yangu. Kama mbegu zinafika na haziotei, kuna kinachozizuia. Mbuzi wanakula? Watu wanakata kuni za kuchemshia chumvi? Au maji yenyewe hayafiki?

Kwetu mara nyingi ni maji. Mnalijua lile shamba la chumvi lililoachwa, nyuma ya michikichi. Matuta yake yalikuwa yamefunga njia ya maji miaka mingi, ndani pamekuwa jangwa. Mwaka 2007, kwa ruhusa ya mwenye shamba na ya watu wa misitu, tulikuwa wazee watano na majembe. Tulitembea kwanza, bamvua mbili nzima, tukichomeka vijiti kila maji yalipofika, mpaka tukauona mkondo wa zamani ulikuwa unapita wapi. Kisha tukakata tuta mahali pawili. Kazi ya siku nne. Hatukupanda hata mche mmoja. Mwaka wa kwanza iliota michu midogo kama mchicha. Mwaka wa tatu mikandaa. Leo mnapita chini ya kivuli chake mkienda kutafuta kaa, na sidhani kuna aliyewaambia kwamba palikuwa peupe.

Aliyewapa fulana na magunia alitaka hesabu ya miche iliyopandwa, na picha. Simlaumu, huenda na yeye anadaiwa hesabu na mwingine. Lakini ninyi andikeni daftari lenu. Andikeni iliyo hai baada ya miaka mitatu, na msione haya kuandika sifuri. Sifuri ya ukweli itawafundisha pa kwenda.

Jambo la karatasi nitalipita haraka. Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi wa serikali, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo msiguse kitu bila barua yao, hata kwa nia njema. Na siku hizi wanakuja watu wa biashara ya hewa ya ukaa, wanaolipa ili misitu itunzwe inyonye hewa hiyo, na mikataba ya miaka mingi. Kanuni za biashara hiyo zilitolewa mwaka 2022. Inaweza kuwa riziki ya halali. Ila mkataba usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya kina mama wa tandio, si kwenye meza ya watu wanne. Ukiharakishwa kutia saini, kaa chini.

Mmoja wenu aliwahi kuniuliza kama inawezekana mtu kuhifadhi na huku anajenga. Njooni muone banda langu. Nguzo na mapaa yake ni mivinje niliyoipanda mwenyewe kwenye mchanga ambako muhogo ulikataa, nikaanza kukata baada ya miaka sita. Tangu hapo sijanunua boriti ya mkoko, wala sijapungukiwa.

Nina neno na wazazi wenu pia. Nasikia wakiwaambia mtulie, muache kuzurura baharini, mtafute kazi ya kukaa. Mimi siwezi kuwaambia hivyo. Kila ninachokijua nilikipata kwa kutotulia. Kama nisingelala chini ya zile boriti 22, na nisingezama kwenye kile kifusi, leo ningekuwa mzee anayelalamika kwamba samaki wamepungua bila kujua alikuwa na mkono gani katika kupungua kwao. Ninalowaomba ni kwamba safari zenu msizifanye kwa panga mkononi kama mimi. Tembeeni vijito vyote vya ghuba hii. Laleni kwenye ngalawa. Jueni upepo kwa harufu. Nendeni mpaka maingilio ya Ruvuma mkaone mikoko iliyosimama kama msikiti, mpate kujua mnataka kurudisha nini. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokuwa kikija, na sisi tumeambiwa tuhame maeneo ya chini, nilikaa nikimkumbuka mama alivyokuwa akisimulia kile cha Lindi cha mwaka 1952, alipokimbia na mimi mgongoni. Kenneth kikaenda kuingia Cabo Delgado, Msumbiji, kwa ndugu zetu wa ng'ambo ya mto. Kingine kitakuja, na kitakuta mbele ya mji huu ama mti ama mchanga mtupu.

Siku mbili baada ya mwezi mpevu ujao maji yatakupwa kabisa, kama saa tano asubuhi. Nitakuwa dikoni tangu saa tatu. Msilete miche. Leteni vijiti 100 vya mwanzi, kamba, na daftari. Mvae viatu vya zamani kwa ajili ya chaza. Namwomba na yule mama anayeuza pweza aje, maana vijito vya upande wa magharibi anavijua kunishinda. Tutaanza kwenye tuta la pili, lile ambalo bado halijakatwa, na tutarudi maji yatakapotufukuza.

Babu yenu,
Mikindani, Mtwara