Swahiba, hiyo +4 yako inatosha

Ngamiani, Tanga

Swahiba wangu,

Assalaam alaykum. Barua yako ya Bagamoyo imenifikia, nimeisoma hapa barazani huku vijana wakinihimiza tuanze Dungeons and Dragons, mchezo wetu wa hadithi ambamo kila mtu ana mhusika wake na dadu ndiyo huamua. Sote hatujambo. Mama bado anatutazama kwa jicho la pembeni kila dadu inapotoka mfukoni, maana kwake dadu ni kamari tu, umweleze usimweleze. Siku hizi tunairusha ndani ya ungo wake isije ikadondokea barabarani, na hilo nalo halimfurahishi.

Tuje kwenye hilo lililokukera. Unasema wenzako wanakucheka kwa kuwa kuhani wako anashambulia kwa +4 na wale wapiganaji wao wawili wana +5, na kwamba mmoja amekushauri umfute mhusika wako uanze upya. Usimfute. Anayekucheka hajakaa chini akahesabu.

Dadu ya kushambulia ina pande 20: unairusha, unajumlisha nyongeza yako, na ukifikia kinga ya adui umepiga. Kila moja unayoongezewa ni upande mmoja wa dadu, yaani asilimia 5. Mchukue goblini, yule zimwi mdogo wa kitabu cha toleo la 2014, ambaye kinga yake ni 15. Wewe unataka dadu ikupe 11 au zaidi, nusu kwa nusu. Mwenye +5 anataka 10, asilimia 55. Basi, hiyo ndiyo tofauti yote wanayoipigia kelele! Pambano la raundi tatu au nne linaweza kuisha na hakuna aliyeiona. Mkikutana na misukule (ya kwenye mchezo, si ile aliyokuwa akitutishia bibi), kinga yao ni 8 tu, kwa hiyo hata ukipata 4 kwenye dadu umeshapiga. Tena dadu ikilala kwenye 1 umekosa, ikilala kwenye 20 umepiga, uwe na nyongeza ya mfalme au ya mwombaji.

Nahisi huyo anayekutisha alijifunzia Dungeons & Dragons kwenye toleo la tatu, lile la mwaka 2000. Kule angekuwa na hoja. Mpiganaji wa daraja la 20 (mhusika huanzia daraja la kwanza na kupanda kadiri anavyocheza) alifika +20, kuhani +15, mchawi +10, na kinga za maadui zilipanda vivyo hivyo. Kwenye marekebisho ya 2003 joka jekundu lililokula chumvi kuliko yote lina kinga ya 41. Mwenye nyongeza ndogo mbele ya joka lile alikuwa anasubiri 20 tu. Waandishi wa toleo la 2014 waliubana mfumo makusudi. Nyongeza ya ujuzi, ile inayopanda na daraja na kujumlishwa na ya nguvu zako, inaanzia +2 na kuishia +6, kwa kila mtu, na joka jekundu kongwe lina kinga ya 22. Kwa hiyo kabla ya kubishana, ulizaneni kwanza mnacheza kwa kitabu kipi. Kwa maelezo yako ni cha 2014, na humo +4 ya daraja la kwanza ni nyongeza ya heshima kabisa.

Lakini kilichonishangaza ni kwamba katika barua nzima hukuitaja dua ya Baraka hata mara moja. Una nafasi mbili za dua katika daraja la kwanza, na unazitunza kwa ajili ya kuponya peke yake? Baraka inawapa watu watatu dadu ya pande 4, wajumlishie kwenye kila shambulio na kila jaribio la kujinusuru (dadu ya kukwepa madhara), hadi dakika nzima ya mchezo, yaani raundi 10. Wastani wake ni 2.5. Wape wale wapiganaji wawili, na wewe mwenyewe uwe wa tatu. Hapo kila mmoja wao anapiga kama mwenye +7 na ushee, na hiyo ziada imetoka kwako. Ile moja wanayokuringia umewalipa zaidi ya mara mbili. Mpiga pasi uwanjani Mkwakwani hafungi magoli mengi, lakini kocha hamtoi.

Angalizo ni moja: Baraka inataka utulivu wa akili. Ukijeruhiwa lazima urushe dadu kuona kama dua imebaki au imekatika, kwa hiyo usijitie mstari wa mbele kwa hasira za kuchekwa.

Kisha una dua ya Mwali Mtakatifu, ambao hauitumii hiyo +4 hata kidogo. Adui ndiye anayerusha dadu kujaribu kuukwepa. Kwa misukule nasema utumie huo, ingawa rungu lako linapata mara nyingi zaidi na linaumiza kuzidi kidogo. Msukule akipigwa rungu la kummaliza anaweza bado kujinusuru na kubaki amesimama na uhai wa nukta moja. Akimalizwa kwa ule mwali hapati nafasi hiyo. Msimulizi wetu, yule anayeendesha mchezo, alituwekea kundi la misukule ndani ya mapango ya Amboni, na wapiganaji wetu wenye rungu na mapanga walimwangusha mmoja yuleyule mpaka tukaanza kumwonea huruma.

Sitakuficha, pengo la kweli linakuja. Wapiganaji wakifika daraja la 5 wanapata shambulio la pili katika kila zamu, na kuhani hapati. Hapo hata ungekuwa na +8 rungu lako lisingewafikia. Ila daraja hilohilo ndilo linalokufungulia dua za ngazi ya tatu, na sidhani kama siku hiyo kuna atakayekumbuka kucheka.

Kwa hiyo ukifika daraja la 4 ukapewa nukta mbili za kuongeza kwenye sifa za mhusika wako, watakushawishi uziweke kwenye nguvu ili uwe +5 kama wao. Kataa. Ziweke kwenye busara, itoke 16 ifike 18, mwali wako uwe mgumu zaidi kuukwepa na dua za kuponya ziongezeke. Nguvu iache hapohapo kwenye 14.

Nisalimie wote hapo Bagamoyo, na mwambie msimulizi wenu kwamba wazo lake la kuweka joka kwenye magofu ya Kaole nimelipenda na nitaliiba.

Wasalaam,
Swahiba wako wa Ngamiani