Ndege ya seremala

Brisbane,
Jumapili usiku

Ndugu yangu Hamisi,

Salaam nyingi. Huku wazima, mtoto kaanza kutembea na chochote kilichokuwa mezani sasa kiko sakafuni. Nisamehe kwa kimya. Nakuandikia kwa ajili ya mbao, wala usijione umekumbukwa sana.

Wiki iliyopita nilikwenda Longreach, mji mdogo wa wafugaji huko ndani ya Australia, mbali na pwani. Banda la kwanza la ndege la Qantas, shirika la ndege la huku, la mwaka 1922, bado limesimama. Na kuanzia 1926, shirika hilo lilijiundia ndege papo hapo Longreach, aina ya DH.50, kwa kibali cha kiwanda cha ndege cha de Havilland cha Uingereza. Walitoa saba. Hamisi, kazi yako kabisa! Kiunzi cha mbao kikavikwa plaiwudi. Mabawa mawili, moja juu ya jingine, nayo yamefunikwa kitambaa kilichopakwa dawa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Hapo Keko ungeiunda yote isipokuwa injini.

Abiria wanne walikaa mbele, ndani ya chumba kilichofunikwa. Rubani alikuwa nyuma yao, kichwa nje, vumbi na jua vyote vyake. Dereva kukaa nyuma ya abiria! Redio hakuna, alifuata mito, nyua za mashamba na nyaya za simu.

Lakini riziki ilitoka kwenye barua. Reli za Queensland, jimbo letu, ziliingia bara kutoka pwani, kila moja ikaishia kwake, hazikuunganishwa huko ndani. Serikali ikalipa ndege ziunge ncha zake: Charleville, Longreach, Cloncurry, zaidi ya kilomita 900. Safari ya kwanza ilikuwa Novemba 1922, kwa ndege za zamani kuliko hizi. Abiria wa kwanza alikuwa mzee Alexander Kennedy, aliyepita miaka themanini, ambaye ujanani alikwenda nchi hiyohiyo kwa mkokoteni wa ng'ombe, miezi kadhaa njiani. Ningependa kuiona sura yake alipoteremka.

Kilichonigusa zaidi ni DH.50 moja iliyokodishwa kwa huduma ya madaktari ya mchungaji John Flynn, ikaitwa Victory. Tarehe 17 Mei 1928 iliruka kutoka Cloncurry hadi Julia Creek na daktari ndani. Mwaka wa kwanza ilisafiri mara 50, wakatibiwa wagonjwa 225. Mbao na kitambaa, ndugu yangu, na mgonjwa kwenye machela.

Nimekuwekea picha za lile banda, angalia paa lilivyoungwa.

Halafu ile stuli niliyokulipia kabla sijasafiri. Hawa jamaa, katikati ya vumbi, wametoa ndege saba. Mimi bado nangoja miguu mitatu na kibao.

Msalimie mama watoto.

Wako,
Juma