Kanda ya video iliyo ndani ya nailoni ni mbuzi kwenye gunia

Mhariri,

Siku hizi hapa Mombasa, mtu akikuta katika kabati la wazee wake kanda za video ambazo nailoni yake haijapasuliwa, hakosi wa kumwambia kwamba amekalia mamilioni. Wapo wanaozinunua kwa katoni nzima wakingoja zipande bei. Naomba nafasi niseme wazi kwamba kwa hewa ya pwani yetu, kanda iliyofungwa si akiba. Nyingi hazina bei, na zile chache zenye bei zinaharibikia ndani ya nailoni hiyo hiyo.

Chanzo cha uvumi ni jambo la kweli. Juni 2022, kampuni ya mnada ya Heritage Auctions ya Dallas, Marekani, iliuza kanda ya Back to the Future kwa dola 75,000, karibu shilingi milioni 9 kwa bei ya dola ya wakati ule. Wanaosambaza habari hiyo huacha kusema kwamba kanda ile ilikuwa toleo la 1986, kwamba hali yake ilikuwa imekaguliwa na kuthibitishwa, na kwamba mwenyewe alikuwa Tom Wilson, mmoja wa waigizaji wa filamu hiyo. Ukiyaondoa hayo matatu, unabaki na plastiki.

Kinachowapoteza wengi ni kuangalia bei inayoombwa. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, yeyote anaweza kuandika dola 10,000 juu ya katuni ya Disney. Chagua uonyeshwe vilivyokwisha kuuzwa, utaona kanda hizo hizo zikienda kwa dola chache. Zile zenye alama ya almasi nyeusi kwenye mgongo wa boksi, zinazovumishwa kuliko zote, zilitolewa kwa mamilioni.

Halafu kuna suala la mfumo wa picha za televisheni. Enzi za kanda sisi tulikuwa watu wa PAL, mistari 625 na fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde; Marekani walikuwa NTSC, mistari 525 na fremu karibu 30. Wanunuzi wakubwa wako Marekani na wanataka matoleo ya kwao, ilhali kanda zilizotufikia kutoka Uingereza na Dubai kwa kawaida ni PAL. Kwa PAL, kundi lenye wanunuzi wa kweli ni kanda za Uingereza, hasa za filamu za kutisha, zilizotoka kabla ya sheria ya 1984 kulazimisha video ziwe na cheti cha BBFC, bodi ya Uingereza inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji. Boksi la Uingereza lisilo na alama ya U, PG, 15 au 18 liweke kando ulichunguze vizuri. Lakini hata hizo nyingi ni za kukodishwa, zilizochezwa mpaka zikachoka. Haikuwa nailoni iliyozipa thamani. Nakala za filamu za Kihindi zilizorudufiwa na kukodishwa mitaani hazimo kabisa katika hesabu hii, hata zikiwa zimefungwa.

Na nailoni hufungwa upya. Roli ya nailoni ya kunywea na mashine ya hewa moto ni vitu vya dukani. Ya kiwandani huwa imebana, na mara nyingi ina vitundu vidogo vya kutolea hewa. Studio kadhaa za Marekani zilichapa hata jina lao juu yake. Filamu halisi ya dukani pia haina kile kichupo cha kuruhusu kurekodi kwenye ukingo wa nyuma wa kaseti, lakini boksi la kadi linakificha, na huwezi kuhakikisha bila kupasua.

Hivyo vitundu ndivyo vinavyoingiza unyevu wetu. Ukanda wenyewe ni polyester yenye upana wa milimita 12.7, iliyopakwa chembe za oksidi ya chuma zikishikiliwa na gundi ya polyurethane. Gundi ikinywa unyevu kwa miaka huvunjika, ukanda ukaanza kunata, na ukiucheza unaacha masizi kwenye hedi za deki, yaani vichwa vinavyousoma. Wahifadhi kanda hupendekeza nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 30 hadi 40. Kuvu hustawi unyevu ukipita 65, na Mombasa mara nyingi tuko juu ya 70. Wakati wa masika hata viatu kabatini hufanya kuvu, sembuse ukanda. Hewa ya chumvi nayo hutia kutu springi na pini za ndani. Na katika chumba cha mabati, joto huendelea kuifanya nailoni inywee, ikakunja boksi na kuponda pembe zake, ambazo ndizo mkaguzi huzitazama kwanza.

Anayetaka kuweka tu, atumie sanduku la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, silica gel (chembe za kunyonya unyevu) nusu kilo kwa sanduku la lita 50, na kipima unyevu ndani. Zisimame wima kama vitabu, mbali na spika. Kipimo kikipita 50, silica hiyo ikaushwe au ibadilishwe.

Kuna kanda iliyofungwa ambayo ningeitafuta kwa bidii: ile tupu, E-180 au E-240, yaani ya dakika 180 au 240. Hiyo ifunguliwe! Gamba lake la plastiki linaweza kuokoa kanda ya harusi au ya maulidi ambayo gamba lake limepasuka, springi imelegea au breki zimevunjika. Kwanza rudisha ukanda wote mwanzoni, kwa mkono ikibidi. Kata kibandiko cha mgongoni kwa wembe pale magamba yanapokutana. Lipindue, fungua skrubu 5 kwa bisibisi ya nyota, lipindue tena huku umelibana, kisha inua gamba la juu polepole, maana kifuniko cha mbele kina springi ndogo inayoruka. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote. Inua rili zote mbili kwa pamoja, uziweke kwenye gamba jipya, upitishe ukanda kwenye pini za kushoto na kulia kama picha inavyoonyesha. Hakikisha vile vijiti viwili vya breki vimeshika meno ya rili. Visiposhika, ukanda hulegea na deki huutafuna. Vaa glavu za pamba. Skrubu zisikazwe kwa nguvu, gamba likipinda rili zitasugua.

Ukiona unga mweupe kwenye kingo za ukanda kupitia kidirisha, hiyo ni kuvu. Usiitie kanda hiyo kwenye deki, maana kuvu itahamia kwenye hedi na kuambukiza kila kanda inayofuata. Mpelekee fundi mwenye deki ya kazi hiyo peke yake.

Iliyo safi ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha mara moja, ndipo urekodi: waya wa njano, mweupe na mwekundu hadi kifaa cha USB, mpangilio PAL, 720 kwa 576, fremu 25. Ukihifadhi kwa muundo wa DV, tenga gigabaiti 13 kwa kila saa, kwa hiyo E-180 iliyojaa itakula karibu 39. Pesa za kununulia kanda za kuweka afadhali zinunue deki nzima, kwa sababu Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kuzitengeneza, iliacha Julai 2016, na hedi mpya hazipatikani kirahisi. Ukimaliza, weka faili katika diski mbili, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu anayeishi mbali na bahari.

Msomaji wako,
Mji wa Kale, Mombasa