Watoto wetu wamo jaridani, jarida halimo shuleni

Mhariri,

Mwandishi mmoja wa ukurasa wenu wa maoni aliuliza juzi kwa nini walimu wa magharibi mwa Kenya hawachapishi tafiti kuhusu masomo ya nje ya darasa, ilhali tuna ziwa, msitu na Mlima Elgon mlangoni. Akajijibu mwenyewe: tumezoea chaki. Mimi nimefundisha shule ya msingi upande wa Shinyalu, karibu na msitu wa Kakamega, kwa miaka 19. Chaki sikatai, ninayo mfukoni hata sasa. Lakini jibu lake halikututendea haki. Sisi tumeshachapishwa. Ila tulichapishwa kama wanavyochapishwa ndege na vipepeo wa msitu huu: tulihesabiwa, tukaandikwa, wala hatukuulizwa.

Miaka kadhaa iliyopita alikuja shuleni kwetu mtafiti, mtu mstaarabu, na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, mkononi. Alitaka kujua kama mtoto anayesomea msituni hujiamini kuliko anayebaki darasani. Hakuhitaji kutufundisha kutoka nje. Sisi tulikuwa tunakwenda kila muhula, kwa miguu, bila basi na bila kumwomba mzazi hata shilingi.

Siku ya msituni huwa hivi. Tunaondoka baada ya gwaride, watoto arobaini na kitu, walimu wawili, panga moja na bunda la kamba ya mkonge. Kila kundi hupewa vigingi vinne. Wanapima mraba wa mita moja kwa moja, wanahesabu miche iliyoota ndani yake, wanaandika daftarini. Siku ile mtafiti alipokuwa nasi, kundi moja liliandika "miche 11, aina moja". Katika kundi hilo kulikuwa na mvulana ambaye kusoma aya moja ya Kiingereza kulimtoa jasho. Akapiga magoti, akakwaruza mzizi kwa ukucha, akanusa. Akasema hii miwili ni mkombero, hiyo mingine haijui. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa mkombero. Wa kwingine ajue tu kwamba ni mzizi unaotafunwa, una harufu tamu, na kijana yule alijua hata bei yake sokoni. Daftari likasahihishwa: aina mbili au zaidi. Mtafiti aliyaona hayo kwa macho yake. Kwenye makala yake hayamo.

Kilichomo ni hojaji. Ilikuwa kwa Kiingereza, na sentensi moja ilimtaka mtoto ajipime, kuanzia 1 hadi 5, anajihisi karibu kiasi gani na "nature". Watoto wakatutazama. Mimi nikawaambia ni "mazingira". Mwenzangu wa darasa jirani akasema "maumbile". Wa tatu, mtu wa mkato, akasema "msitu". Sasa fikiria, mhariri. Kwetu mazingira ni lile somo la kuokota taka na kupanda miti. Maumbile, kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, ni neno la kuchekea kichinichini. Na msitu ni mahali bibi anapokatia kuni na askari wa misitu anapofukuzia watu. Madarasa matatu yakajibu maswali matatu, karatasi zikatiwa katika bahasha moja.

Makala yalipotoka niliyaona kwenye simu: kichwa, ikisiri, kisha ukuta. Kuuvuka ukuta kulitaka zaidi ya dola 40, yaani shilingi elfu tano na ushei, ili nisome habari za darasa langu mwenyewe. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko chuoni ndiye aliyenitumia kwa WhatsApp. Tumeitwa "Shule B", na hilo sina neno nalo, watoto lazima wafichwe majina. Lililoniuma ni jedwali moja lililoonyesha kwamba darasa la yule mwenzangu wa "maumbile" liko mbali na viumbe na mimea kuliko madarasa mengine, na maelezo chini yake kwamba pengine lilitumia saa chache zaidi nje. Saa zilikuwa zile zile. Watoto waliona haya tu.

Ningeonyeshwa rasimu, kosa hilo ningelitoa kabla chai haijapoa. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kumrudishia mwalimu utafiti ni adabu. Ni sehemu ya kuupima ukweli wake. Mhakiki, yaani msomi anayekagua makala kwa niaba ya jarida, akiwa ameketi Uingereza au Australia anaweza kukagua hesabu zako zote, lakini hawezi kujua kwamba katika chumba cha tatu neno liligeuka.

Basi nikajaribu mwenyewe. Nilikuwa na madaftari ya miraba ya miaka sita. Niliandika usiku kwa miezi, nikapeleka kwa jarida moja la ng'ambo. Baada ya miezi tisa yakaja maoni ya wahakiki wawili. Wa kwanza alinitendea wema mkubwa. Aliuliza vigingi viliwekwa wapi: kwa kubahatisha, au popote watoto walipopenda? Alikuwa amenipata. Watoto waliviweka pasipo na miiba, na mahali pasipo na miiba ni kando ya njia, na kando ya njia miche hukanyagwa. Hesabu yangu ya miaka sita ilikuwa hesabu ya kando ya njia. Siku hizi tunarusha kijiti nyuma ya bega, kinapoangukia ndipo tunapopima, miiba au hakuna.

Wa pili aliuliza jambo jingine kabisa: ujasiri, kwa Kiingereza chake "adventure", uko wapi? Wanafunzi walipanda nini, walivuka nini, walishinda hofu gani? Mwanzoni nilikasirika, kisha nikasoma, nikaelewa anatoka wapi. Taaluma hii ya masomo ya nje ina ukoo wake. Mwaka 1941, vita vikiendelea, Kurt Hahn, mzaliwa wa Ujerumani, na wenzake walianzisha shule ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales, ambako vijana walikomazwa kwa bahari na milima. Mtindo huo ukaenea, na miaka ya 1950 ulikuwa umefika hata Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Kutoka huko taaluma imerithi kamba, mitumbwi na miamba, na jarida lake moja kubwa linalitaja neno hilo la ujasiri katika jina lake. Sidharau. Lakini mtoto wa Shinyalu aliyechunga ng'ombe tangu ana miaka sita, akavuka mto kuteka maji kabla ya kwenda shule, hahitaji kutengenezewa hofu ya mto kwa kamba na kofia ngumu. Kwake kitu kigeni ni kuambiwa kwamba anachokijua huko nje ni elimu, kinaandikika, kina alama. Hilo ndilo nililotaka kuchapisha. Nikajibiwa kwamba halimo katika upeo wa jarida.

Wiki hiyo hiyo, kama kunguru wanavyojua nani ana mahindi, nikapata barua pepe ya jarida jingine iliyoniita Profesa mheshimiwa. Niliwatumia makala. Yakakubaliwa siku ya nne bila kubadilishwa nukta, pamoja na ankara ya dola 150. Nilikaribia kulipa, nakiri. Majarida haya ya kulangua wasomi, yanayochapisha lolote mradi ulipe, yana historia. Mkutubi Jeffrey Beall wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver aliwahi kuyawekea orodha, akaiondoa mtandaoni Januari 2017, na tangu hapo kila mtu ajilinde. Wateja wengine wa majarida hayo ni vijana wetu, kwa sababu mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 ulimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mawili katika majarida yaliyohakikiwa. Mtu aliyebakiza makala moja na miezi miwili haulizi maswali mengi.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Mtafiti anayekuja kupima watoto nje ya darasa alete rasimu yake katika chumba cha walimu kabla haijaenda kwa mhariri, akae nasi alasiri moja. Hojaji itafsiriwe kwa Kiswahili mapema, mtu mwingine aitafsiri tena kwa Kiingereza pasipo kuiona ya kwanza, zilinganishwe, na makala yaseme watoto walijibu kwa lugha gani. Mwalimu aliyekusanya data kwa miaka aandikwe jina miongoni mwa waandishi, si kushukuriwa mwishoni pamoja na dereva. Na kuhusu ule ukuta wa dola 40: wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka nakala ya mwisho aliyoihariri, ile kabla haijapangwa kurasa, katika hazina ya makala ya chuo chake, wakati mwingine baada ya kusubiri mwaka mmoja au zaidi. Vyuo vikuu vya Masinde Muliro, Maseno na Egerton vina hazina hizo mtandaoni. Iwekwe humo, na iambatane na kurasa mbili za Kiswahili. Asiniambie mtu kwamba taaluma haiandikiki kwa Kiswahili. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakichapisha jarida zima kwa lugha hii kwa miongo.

Mtafiti wetu nilimwandikia, kwa upole, kuhusu mazingira, maumbile na msitu. Alijibu kwamba ni hoja nzuri na kwamba ataizingatia katika utafiti ujao.

Mvulana wa mkombero sasa yuko sekondari ya chini. Nilikutana naye soko la Khayega mwezi uliopita, amebeba gunia la makaa ya mama yake. Akanisalimu, akauliza kama kile kitabu cha yule mgeni kilitoka. Nikamwambia kilitoka. Akauliza, "Mwalimu, waliandika ile mimea ilikuwa gani, ile mingine niliyosema siijui?"

Mwalimu wa shule ya msingi,
Shinyalu, Kaunti ya Kakamega